Bi Debe na Fundi Aliyebaki Chamazi

Mpendwa mtani wangu Maganga,

Binti yako Nyamizi alinipigia simu juzi kutoka Tabora. Kaniambia arobaini yako inakaribia, na familia inataka mie niandike maneno mawili matatu yasomwe mbele ya watu. Nikamuuliza, "Siku ya kumzika, mtani alikuwa nani?" Akasema, "Shangazi, hakuwepo. Tulimzika tu."

Walikuzika tu. Mnyamwezi mzima, mwenye maneno kama weye, jeneza likapita njiani bila Mzaramo hata mmoja kulizuia. Hakuna aliyesema una uzito wa gunia la chumvi. Hakuna aliyeingia kaburini akalala humo, akagoma kutoka mpaka wafiwa watoe chochote. Nilikasirika, Maganga, nikakasirika kuliko nilivyolia. Lakini ningefanyaje? Magoti yangu hayanifikishi sokoni Temeke, sembuse Tabora.

Basi barua hii ndiyo utani wangu wa mazishini. Nimekusudia kukutania mpaka mwisho, kama inavyopasa. Ila ndani yake kuna jambo moja la kweli ambalo sijapata kukwambia, maana kila nilipotaka kulisema niliishia kuligeuza mzaha. Ni habari ya Bi Debe, na ya siku ile ambayo hukuwepo. Nataka ulisikie kabla hawajamaliza arobaini yako, na wanao walisikie.

Wajukuu zako watakaokaa mkekani hapo huenda hawajui mambo haya. Wanangu, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, babu zenu walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wamechoka na wana njaa, na babu zetu wakiwauzia madafu kwa bei wanayoijua wenyewe. Mtani anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe, nawe ukaenda kukikomboa. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Atakayekasirika ndiye mkosaji. Basi baba yenu alikuwa seremala pale Keko, mie nilikuwa mshonaji, cherehani yangu barazani, na karakana yake ilikuwa ng'ambo ya njia. Asubuhi ananiuliza kama nimeamka au bado nakesha ngomani. Mie namuuliza mzigo wa leo ni wa nani. Ndivyo tulivyosalimiana miaka na miaka.

Mtaa wetu wakati ule haukuwa na bomba. Maji tulifuata mtaa wa mbali, na ile foleni ukiingia na mimba unatoka na mtoto mgongoni. Ikakaribia sherehe ya uhuru. Tawi la chama likatangaza kwamba kila balozi wa nyumba kumi apambe mtaa wake kwa pambo la siku moja. Wageni watazunguka kwa gari kuyatazama, na penye pambo la kuwapendeza watashuka wazungumze na wenyeji. Balozi wetu, Mzee Pazi, katika tangazo lote lile alisikia neno moja tu: watashuka. Wakishuka, tutawaambia habari ya maji.

Mitaa yote ilikuwa inafunga matao ya makuti. Weye ukasimama katika mkutano, vumbi la mbao nyusini, ukasema, "Tao kila mtu anafunga. Sie tuwatengenezee mwanamke aliyechoka kuchota maji." Watu wakacheka. Ukaendelea bila kucheka: tutamsimamisha mwanzo wa njia na debe lake kichwani, na nyuma yake kila nyumba ipange ndoo zake, madebe, masufuria, mitungi, foleni moja kutoka barabarani mpaka mwisho wa mtaa. "Waione foleni yetu," ukasema. Mzee Pazi alikutazama muda mrefu. Nadhani hakuamini kwamba wazo zuri namna ile linaweza kutoka Tabora.

Tatizo likawa vifaa. Mzee Pazi alipita nyumba kwa nyumba na bakuli, akarudi nalo tupu. Watu walichoka na michango. Kila wiki ilikuwa mchango wa hiki na wa kile. Ukaanza na vilivyokuwepo: mifupa ya mabanzi, nyama ya magunia yaliyojazwa makumbi ya nazi, uso wa magazeti yaliyogandishwa kwa uji wa muhogo. Nilipokuja kuuona mwili nikakwambia, "Makalio yote haya ya nini? Anachota maji au anachota mchanga?" Ukanijibu kwamba umepima kwa jicho, na mfano ulikuwa mbele yako barazani kila siku. Nilikurushia kifungo cha shati, nikakosa. Mume wangu, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akapaliwa.

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Hakuna rangi, hakuna misumari, hakuna nguo ya kumvisha. Na hapo ndipo ulipofanya kile ambacho mpaka leo sijui kama kilikuwa akili au uhuni. Ijumaa moja, wanaume wetu wakiwa msikitini, weye na Wanyamwezi wenzio wa mtaani mkambeba Bi Debe, maana ndivyo tulivyokwisha kumwita yule mwanamke wa mabanzi, mkaondoka naye. Ukatuletea salamu: Wazaramo, mwanamke wenu tumemkamata anazurura, njooni mumkomboe kwa misumari.

Mzee Pazi alitaka kupiga kelele, akakumbuka kwamba akikasirika yeye ndiye mkosaji. Na watu walewale waliolinyima bakuli wakaanza kutoa. Huyu misumari ya paa lake iliyobaki, yule mkebe wa rangi ulio nusu. Tulikuja kwako kwa vigelegele, tukamkomboa. Baada ya siku mbili sie tukamkamata tena, tukawadai Wanyamwezi doti ya khanga. Mkatoa. Mkamwiba tena. Yule mwanamke alipata hereni, shanga, ushungi na viatu vya plastiki kwa kuibwa tu, kitu ambacho baadhi yetu hatukukipata kwa ndoa.

Na ilikuwa lazima atafutwe. Anayemkamata hamfichi ndani. Anamweka mahali pa watu, upande wa pili umtafute. Siku moja tulimkuta kliniki, kakaa benchini na kina mama wenye watoto, kapewa mtoto amshikie. Siku nyingine mlimsimamisha foleni ya sukari duka la ushirika, na bwana mmoja aliyekuwa nyuma yake akamgombeza kwa muda: dada, sogea, mbona husogei, wenzio wana haraka. Alipomgusa bega akaomba radhi kwa sauti. Watu wa Chang'ombe wakawa wanakuja Keko kuuliza, Bi Debe yuko wapi leo. Wakija wanaacha kitu, utepe, kopo la rangi, hata kama hawajui utani ni nini.

Sasa tufike kwenye kosa. Kosa la kwanza ni langu, nakubali. Siku chache kabla ya sherehe ilikuwa zamu yetu, nikampeleka Mtoni, pale malori ya mkaa yanaposhusha mizigo, nikamwegemeza kwenye magunia matupu kama anayesubiri usafiri. Nikakuletea salamu: mtafute. Weye ukazunguka kutwa, ukafika Mtoni, hukumkuta. Mtu mwingine angerudi akasema sijamwona. Lakini weye Maganga? Ulidhani nimemhamisha ili nikucheke, na hukutaka kuchekwa. Ukanijibu, "Nimeshamchukua zamani. Leteni jogoo."

Tukaleta jogoo. Yule mwekundu wa Mzee Pazi, mwenye kiburi. Ukamchinja ukamla, ukasubiri mie nicheke niseme Bi Debe ninaye mwenyewe. Mie nikasubiri ulete Bi Debe. Siku tatu tukapitana njiani tunatabasamu, kila mmoja anajiona mjanja kuliko mwenzake, na hakuna aliyekuwa naye.

Ulikuja barazani kwangu siku moja kabla ya mkesha, saa ya asubuhi, umeshika kofia mkononi. Ukasema, "Mwanahawa, sinaye." Nikacheka. Ukaapa kwa mama yako. Nikacheka zaidi, nikakwambia mama yako mwenyewe alikuuza kwa kibaba cha chumvi. Nikangoja unirudishie. Hukurudisha. Ukabaki umesimama, macho chini, na matusi yote niliyokutupia yakapita hivihivi. Uliposhindwa kunitukana ndipo nilipojua kwamba ni kweli. Mguu wangu ulitoka kwenye cherehani wenyewe.

Mume wangu akasema nenda naye mkamtafute, mtani hana neno. Mtoni wauza mkaa wakatuambia lori moja lilirudisha magunia matupu Chamazi, na utingo alipakia kila kilichoegemezwa hapo. Tukadandia lori lililokuwa linarudi. Tulifika Chamazi tumekuwa weusi kama vyungu, weye na mie, hatujui nani Mnyamwezi nani Mzaramo. Ukipita Chamazi siku hizi, na ule uwanja wa mpira, hutaamini kwamba ilikuwa mihogo na mahindi tupu.

Tukamwona kutoka mbali. Kasimama katikati ya mahindi, debe kichwani, khanga inapepea. Kikongwe mwenye shamba alikuwa kakaa kivulini mwa banda lake, anamenya mihogo na kumhadithia Bi Debe habari za watoto wake. Tukamwamkia shikamoo bibi, tukaeleza shida yetu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Marahaba. Huyu simtoi. Utingo aliniletea, na tangu aje kima hawajagusa hindi langu hata moja. Na ni msikivu." Nikamsihi. Nikamweleza habari ya maji, wageni, foleni ya ndoo. Nilikuwa nalia, sijui kama uliona, kwa ule mkaa usoni. Akauliza, "Na huyu bwana ni wa wapi?"

Ukasema, kwa ile sauti yako ya adabu uliyoitumia mara moja kwa mwaka, "Mie Mnyamwezi, bibi."

Yule bibi akaweka kisu chini. Mzaramo wa Chamazi, kazaliwa hapo, kazeeka hapo, na siku hiyo Mungu anamletea mtani mpaka mlangoni. Uso wake uling'aa. Akasema, "Mtani wangu ameingia shambani mwangu bila hodi kudai mali? Basi chukueni huyo wa magazeti. Huyu wa nyama anabaki. Mkimrudisha huyo, namwachia huyu."

Ningeweza kukutetea, Maganga. Nilikuwa Mzaramo mwenzake, ningeweza kumbembeleza. Sikufanya hivyo. Nilikuwa nimeshika mguu wa Bi Debe tayari. Weye ukanitazama, ukamtazama bibi, ukavua kofia ukamwomba debe lake. Ukasema, "Nenda, Mwanahawa. Wapange ndoo vizuri, zisipinde." Nilipogeuka kutazama, ulikuwa umesimama palepale aliposimama yeye, debe kichwani, khanga ya bibi kiunoni, na bibi anakufundisha namna ya kupunga mikono.

Kwa hiyo siku ya uhuru weye uliyebuni, uliyepima, uliyechonga, ulikuwa Chamazi unafukuza kima. Na niliporudi kumrejesha Bi Debe ukaniuliza, "Ilikuwaje?" nami nikakwambia hukukosa kitu, watu walipita wakidhani ni mzigo wa nguo za kufua. Tangu siku hiyo, kila ulipouliza nilikupa uongo mpya. Kwamba alianguka. Kwamba mbuzi alimla sikio. Ulicheka kila mara, na kila mara uliuliza tena, na mie mjinga sikuelewa kwamba unauliza kweli.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Alfajiri wanawake wa mtaa mzima walitoka na vyombo vyao. Tulivipanga kama ulivyosema, havikupinda. Ndoo za bati, madebe ya mafuta ya taa, sufuria za harusi, mitungi, hata kikombe kimoja alichokileta mwanamke asiyekuwa na kingine. Foleni ikatoka barabarani mpaka nyumba ya mwisho, ikabidi ikunje kona. Jua lilipopanda, madebe yote yakawaka, mtu huwezi kutazama bila kufumba jicho. Na mbele ya foleni yeye Bi Debe, juu ya kreti mbili, mgongo umepinda kidogo pale kiunoni ulipouchonga kwa tezo, shingo imekaza, mkono mmoja umeshika debe. Mie nilikuwa nimemtania miezi mizima, na asubuhi hiyo nilimtazama nikamwona mama yangu mzazi. Ndiyo maana sikuwa na mzaha siku hiyo.

Magari yalipita mtaa wa kwanza, hayakusimama. Wa pili, hayakusimama. Kwetu yakapunguza mwendo, yakapita, Mzee Pazi akashika kichwa. Kisha la mbele likarudi kinyumenyume. Akashuka mama mmoja mnene wa chama, mwenye miwani. Alitembea kandokando ya ile foleni mpaka mwisho, kona yote, akarudi. Akamgusa Bi Debe mgongoni, palepale kiunoni, akauliza, "Huyu anachota wapi?" Wanawake wakajibu wote kwa pamoja, kila mmoja kwa kelele yake, na ikawa hakuna haja ya hotuba ya Mzee Pazi, aliyokesha akiikariri. Bomba tulilipata kabla masika hayajaisha. Hilo unalijua, uliogea. Lakini hukujua kwamba lilianzia kwenye ule mgongo.

Kisha yule mama akauliza, "Fundi wake ni nani? Nataka kumpa mkono."

Nikasema, "Fundi wetu yuko Chamazi, anafukuza kima."

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Yule mama naye akacheka, akajua ni mzaha wa Waswahili, akapanda gari akaondoka. Nilikuwa nimesema kweli tupu, Maganga. Nilikuwa nimezoea kukufanyia dhihaka, na siku niliyotaka kukusifu hakuna aliyeamini. Ningelikimbilia lile gari. Ningelitaja jina lako, na la baba yako, na karakana yako. Nilibaki nimesimama na vumbi lao, najisikia vibaya, na ndiyo maana uliponiuliza nilikwambia uongo. Niliona haya.

Bi Debe tulimrejesha kama tulivyoahidi, mvua zikamlowesha uso ukamomonyoka, bibi akatuletea salamu kwamba mwenzake amelala. Weye hukutaka kutengeneza mwingine. Ulisema kitu cha sherehe huisha na sherehe. Lakini mie nakwambia mbele ya watu hawa wote, kwa jina: ile kazi ilikuwa ya Maganga, seremala wa Keko, na haijatokea tena pambo kama lile Temeke nzima. Nyamizi, mwanangu, hapo soma mara mbili.

Hayo ndiyo ya kweli, yamekwisha. Sasa nyie mlioketi hapo, tulieni. Nasikia harufu ya pilau kutoka huku Dar. Mie ndiye mtani wa marehemu, na nimesimama njiani. Hailiwi pilau hapo, halifunuliwi sufuria, mpaka kila aliyekuja aseme ubaya mmoja wa Maganga, kwa sauti, na wenzake wacheke. Mkimsifu nitajua. Mjane aanze, ana mengi.

Nami nitoe langu. Mnyamwezi huyu alikuwa mwongo. Mwaka ule anahama kurudi kwao, tulipoagana stesheni, alinishika mkono akaniambia nisihofu chochote, nikifa atapanda treni aje, aingie kaburini mwangu kabla yangu, alale humo awasumbue wanangu kutwa nzima. Nilimwamini. Nilikaa nikijua kwamba siku hiyo ikifika kutakuwa na mtu wa kuchekesha watu. Sasa katangulia, na mie nitazikwa kimya.

Mtani wako,
Mwanahawa, Mzaramo wa Keko